Mbwa Aliyeziba Njia

Mzoga ulikutwa Jumanne ya mwisho wa Septemba, saa moja asubuhi, kwenye kona kali ya barabara inayopanda kutoka kijiji cha Penha Ruiva kwenda malisho ya juu. Aliyeukuta ni Valdemar, mfanyakazi wa matengenezo ya barabara, na ndiye aliyepiga simu kituoni. Koplo Odília Saraiva alipofika, ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Valdemar alikuwa ameketi juu ya jiwe na koti lake la rangi ya chungwa, sigara mdomoni, hajaiwasha.

"Ni mbwa wa baba mkwe wangu," alisema. "Mondego. Nimemfunika kichwa kwa gunia. Usifunue, afande, kama umeshakunywa kahawa."

"Umemgusa?"

"Nimemvuta pembeni kidogo tu. Si ndiyo kazi yangu? Kila kinachokufa barabara hii nakiokota mimi. Mbweha, nguruwe mwitu, paka wa watu. Lakini huyu..." Akatikisa kichwa, asimalizie.

Odília alichuchumaa. Alikuwa mbwa mkubwa wa kuchunga, manyoya ya kahawia yenye wekundu, amelala ubavu. Shingoni alivaa kola ya chuma yenye miiba, ile wachungaji wa mlima ule wanayowavisha mbwa wao ili mbwa mwitu asipate pa kukaba. Akaiinua kola kwa ncha ya kalamu. Chini yake manyoya yalikuwa mazito, yamejaa, hayana hata alama ya kusuguliwa. Akatazama lami. Hapakuwa na damu, wala alama ya gari lililofunga breki. Akapiga picha pande zote, kichwa, tumbo, miguu ya mbele na ya nyuma, kama anavyofanya siku zote hata kwa jambo dogo.

Alikuwa anarudisha simu mfukoni alipomwona Mzee Herculano akishuka taratibu kutoka juu, ameshikwa mkono na binti yake Graciete, mke wa Valdemar. Mzee huyu alichunga kondoo mlimani tangu kabla Odília hajazaliwa, na watu walizoea kumwona akitembea peke yake, mbele yake kondoo, ubavuni mwake Mondego. Siku hiyo alionekana mdogo. Alipiga magoti, mikono yake ikapapasa hewani, ikaifikia kola, ikapita kwenye mwiba mmoja mmoja hadi ule uliopinda.

"Huu," alisema. "Huu aliupinda usiku ule walipokuja mbwa mwitu wawili."

"Inatosha, mzee," Valdemar alisema, akamwinua upesi kwa kwapa. "Usijitese."

Mzee alifuta uso kwa kofia yake. Kisha akageuka upande ilikotoka sauti ya redio ya Odília.

"Andika, Koplo. Mbwa wangu ameuawa. Mondego hakanyagi lami, hata kondoo akianguka barabarani anambwekea kutoka juu. Kuna mtu amemleta hapa."

"Baba, ni gari tu," Graciete alisema kwa sauti ya chini.

"Nimesema andika!"

Odília aliandika. Valdemar akauzika mzoga palepale chini ya barabara, akaurushia chokaa, na mzee akateremshwa nyumbani kwa binti yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, kondoo wa Herculano walilala zizini mchana kutwa.

Kijiji kizima kilikuwa na jibu moja. Adérito, mwindaji wa nguruwe mwitu, alikuwa na ugomvi wa wazi na Mondego. Mwaka jana mbwa huyo alimng'ata mmoja wa mbwa wake wa kuwinda hadi akapoteza sikio, na Adérito aliapa baa, mbele ya watu, kwamba siku moja atamvua ngozi ampe mke wake atengenezee viatu vya ndani.

Odília alimkuta uani kwake, saa tano, anasugua sufuria.

"Nilijua utakuja," Adérito alisema bila kuinua uso. "Nimekuwekea na kiti."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Hospitali ya mjini na mama mkwe. Amevunjika nyonga. Kaulize, wauguzi wote wananijua sasa, nimegombana na nusu yao." Akaweka sufuria chini. "Afande, hebu fikiri kidogo. Mdomo wangu unaujua. Ningemuua mbwa yule, sasa hivi ningekuwa baa namnunulia kila mtu kinywaji. Ningetulia hapa nasugua masufuria?"

Odília karibu acheke. "Kwa hiyo humlilii."

"Simlilii. Lakini mbwa wa kazi alikuwa, lazima niseme. Nilimrushia nyama siku moja, nyama safi, nimbembeleze tuyamalize. Hakunusa hata. Mtu wa nje hamwezi. Kumshika kola, kumpandisha garini? Atabaki na mikono?" Akaongeza kama jambo lililomkaa rohoni. "Wa kuulizwa ni mzee. Mwezi uliopita nilipanda nikazungumze naye kiume, nimalize huo ugomvi. Nikasimama mbele yake, karibu kama ulivyo wewe. Akaniambia, 'Habari yako, Belmiro.' Belmiro! Ananidharau kiasi cha kuniita jina la mchungaji mwenzake. Nikageuka nikateremka."

Odília alipiga simu hospitali. Ilikuwa kweli; Adérito alikesha huko hadi saa mbili asubuhi.

Alichohitaji sasa ni picha ya Mondego akiwa hai, awaonyeshe madereva wa maziwa wanaopita njia ile. Mzee hakuwa na simu ya kupigia picha. Lakini ukumbi wa kijiji ulikuwa na picha moja kubwa ya rangi za mafuta, iliyochorwa kiangazi hicho na mchoraji aitwaye Rosaura Pimentel, aliyepanga nyumba ya kinu cha zamani. Mtunza ufunguo wa ukumbi alikuwa Graciete.

Graciete alifungua mlango, akabaki kizingitini, mgongo umeelekea ndani.

"Huingii?"

"Nimeshaiona."

Picha ilijaza ukuta. Mondego alisimama juu ya mwamba, ameuelekeza ubavu wake wote kwenye miguu ya mtu. Mtu mwenyewe hakuonekana; ni suruali tu hadi magotini, na mkono uliokunjamana umelazwa mgongoni mwa mbwa. Mbwa hakumtazama mtu huyo. Kichwa chake kiligeukia chini, ulikoishia mwamba. Pembeni palibandikwa kadi yenye jina la picha: *Mapumziko*.

Odília alisimama mbele yake muda mrefu. Alikuwa ameiona siku ya uzinduzi, akaipita na glasi mkononi, akasema nzuri kama walivyosema wengine. Leo kuna kitu kilichomsumbua. Mbwa anayepumzika hulegeza mwili. Huyu masikio yalikuwa nyuma, mabega yamekaza, na miguu ya nyuma imejikita kwenye jiwe kama ya mnyama anayesukumwa na kukataa kusogea. Macho yake yakateremka hadi kwenye miguu hiyo. Juu kidogo ya unyayo, upande wa ndani, mchoraji aliweka kucha mbili za ziada, zimepinda kama ndoano. Mguu wa pili vilevile, mbili.

Akatoa simu, akatafuta picha za asubuhi. Akakuza mguu wa nyuma wa mzoga, wa kushoto, halafu wa kulia. Hapakuwa na kucha ya ziada, wala kovu la kuonyesha kwamba iliwahi kuwepo.

"Graciete," aliita. "Mondego alikuwa na kucha hizi za nyuma?"

Graciete alijibu kutoka mlangoni.

"Huyo mwanamke anachora anachotaka. Mwamba huo wenyewe ameuhamisha. Uko upande wa kinu, yeye kauweka juu ya bonde. Anapenda kupamba."

"Na kusimama hivi, kama mlango uliofungwa?"

"Amepumzika. Si imeandikwa?" Funguo zililia mkononi mwake. "Afande, nina chungu jikoni."

Odília alipofika kwenye kinu, kitu cha kwanza alichokiona ni gari la Rosaura. Bampa la mbele lilikuwa limebonyea. Alilizunguka, akainama, akapitisha kidole.

"Ni nguzo ya lango la padri!" sauti ilisema kutoka dirishani. Mchoraji alikuwa mwanamke mnene, nywele fupi nyeupe, rangi ya kijani kwenye kidevu. "Muulize padri. Amenisamehe mbele ya mashahidi, ila lango bado analidai. Ingia. Umekuja kwa ajili ya Mondego, najua. Nimelia tangu asubuhi."

Juu ya meza alimwaga michoro ya penseli, labda arobaini, ya mbwa yuleyule. Odília hakusema anachotafuta. Alipekua polepole. Kucha zilikuwepo kila mahali mguu wa nyuma ulipoonekana, mbili na mbili.

"Inasemekana unapenda kupamba," alisema.

"Anayesema hivyo hakosei. Mawingu nasema uongo. Mwamba niliuhamisha, ulinisumbua ulipokuwa. Lakini mnyama simwongopei, afande. Mnyama namchora alivyo, kwa sababu simwelewi. Ukianza kumwongezea kitu usichokielewa, unachora kiti chenye manyoya."

"Kwa hiyo hizi kucha ni zake."

"Ni zake. Mzee alijivunia sana. Alisema zinamsaidia kwenye theluji."

"Na huku kusimama kwa ubavu?"

"Ah! Hilo nililipenda kuliko yote. Kila baada ya hatua chache alikuwa anafanya hivyo. Anamziba mzee njia, mzee anasimama, anamwekea mkono mgongoni, kisha wanageuka pamoja. Nikasema, wanandoa hawa. Ndiyo maana nikaiita *Mapumziko*." Rosaura akachukua mchoro mmoja, akautazama. "Ajabu, hata binti yake aliniuliza hilohilo siku ya uzinduzi. Ni kweli anasimama hivi? Mara nyingi? Nikamwambia mara nyingi. Akaketi chini kama aliyekatwa miguu. Nilidhani ni joto la ukumbini."

Odília alirudisha michoro mezani. Katika ule mmoja mchoraji alikuwa ameandika kwa penseli pale mwamba ulipoishia: hapa kuna shimo.

Hakuondoka mara moja. Aliketi garini nje ya kinu, mikono juu ya usukani, akijaribu kutafuta njia nyingine ya kuyafasiri yote yale. Hakuipata, na hakuifurahia aliyoipata.

Saa saba mchana alibisha mlango wa Graciete. Walikuwa mezani: mzee, binti na mkwe, supu ya kabichi, mkate mweusi na jibini laini linalochotwa kwa kijiko. Odília alikaribishwa, akavua kofia, akaketi. Hakugusa kijiko. Alimtazama mzee akitafuta mkate. Vidole vyake vilitembea juu ya kitambaa cha meza hadi vikaukuta. Graciete alikuwa ameusogeza karibu bila kusema neno.

"Mzee Herculano," Odília alisema, "nina swali moja dogo. Mondego alikuwa na kucha ngapi za ziada miguu ya nyuma?"

Kijiko cha Valdemar kiligonga sahani.

"Mbili kila mguu," mzee alisema. "Mama yake alikuwa nazo vilevile. Kwa nini?"

"Kwa sababu mbwa niliyempiga picha leo asubuhi hana hata moja. Wala shingo yake haijawahi kuvaa kola ya chuma kabla ya jana. Na hakufia pale. Aliletwa ameshakufa, amefunikwa kichwa, amevalishwa kola ya Mondego. Mbwa uliyemwekea mkono leo si wako, mzee. Ulishika kola tu."

Mzee alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake, na hakuna aliyekiinua.

"Yuko hai?"

"Hilo sina uhakika nalo. Ila ninajua nani anaweza kutuambia. Mondego hamfuati mtu wa nje, hata kwa nyama. Aliyemvua kola ni mtu anayemjua. Na mtu anayeweza kupata mzoga wa mbwa mkubwa bila kuulizwa na yeyote ni yule ambaye kazi yake ni kuokota mizoga."

Valdemar alifungua mdomo. Graciete akamshika mkono.

"Mwache Valdemar," alisema. "Alifanya nilichomwomba. Mimi ndiye."

"Wewe?" mzee alisema. "Wewe, Graciete?"

"Yuko hai, baba. Yuko Idanha, kwa binamu yake Valdemar, Celestino. Anachunga. Anakula vizuri. Nisingeweza kumuua, Mungu wangu, nilimlea mimi kwa chupa!" Machozi yalianza kumtoka lakini sauti haikukatika. "Jumapili Valdemar aliokota mbwa aliyegongwa kule chini, hana mwenyewe, rangi ileile. Nikasema, hii ndiyo nafasi. Jana jioni alipokupelekea mkate, ulipolala akamchukua Mondego."

"Kwa nini? Nimekukosea nini?"

Graciete alimtazama Odília, kana kwamba alitaka askari huyu amsaidie kulisema. Odília aliinamia sahani yake. Halikuwa lake.

"Huoni, baba."

Nje mtu alipita na pikipiki.

"Ni jua," mzee alisema hatimaye. "Nimekwambia mara ngapi? Jua la kule juu linaumiza macho."

"Mwezi wa sita nilikukuta unakamulia maziwa nje ya ndoo. Nikakwambia twende kwa daktari, ukasema ni jua. Ukafunga kondoo wa Belmiro ukidhani wako, ukasema ni uzee. Nikakuamini, kwa sababu ulikuwa unapanda na kushuka mlima kila siku bila kujikwaa. Nikajiambia, kama haoni angeshaanguka." Alipangusa uso kwa kiganja. "Halafu nikaiona ile picha. Watu wote wanaisifu, mbwa anapenda bwana wake, mbwa amepumzika. Mimi nikaiona miguu yako, baba. Ncha ya kiatu chako imevuka ukingo wa jiwe. Hakupumzika yule. Anakuzuia usitumbukie. Na wewe umemwekea mkono mgongoni kumuuliza upite wapi."

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Sikulala usiku ule. Kila nikifumba macho naona Mondego kageuza kichwa upande mwingine mara moja tu, kwa sababu ya mbwa mwitu, kwa sababu ya chochote. Mara moja inatosha. Ulishaniapia kwamba utaacha kuchunga na kushuka kuishi nasi siku mbwa huyo atakapokufa. Basi nikamfanya afe."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia!"

"Ungeniambia kama ulivyoniambia sasa."

Graciete alifunika uso kwa aproni. Valdemar aliinuka akakiokota kiti cha mzee, akakiweka nyuma ya magoti yake. Mzee akaketi kwa uzito.

"Koplo," alisema, "nilikwambia uandike."

"Niliandika, mzee. Ni malalamiko yako. Unaweza kuyaondoa."

"Leo siyaondoi." Alipitisha kiganja juu ya meza, akafagia makombo ya mkate. "Leo nina hasira. Umeniliza mbele ya mzoga wa mbwa wa watu, Graciete. Nimemlilia mbwa nisiyemjua." Kisha, baadaye kidogo, kwa sauti nyingine: "Idanha ni mbali?"

"Saa mbili kwa gari," Valdemar alisema.

"Basi mnangoja nini?"

Waliondoka kwa gari la kituo. Odília angeweza kuwaachia waende wenyewe, lakini alihitaji kumwona mbwa kwa macho yake kabla ya kufunga jalada, na ukweli ni kwamba alitaka tu kumwona. Milima ilibaki nyuma, nchi ikalala tambarare, nyasi za manjano na mialoni iliyotawanyika, na joto lilelile la kiangazi lililokataa kuondoka.

Celestino aliwapokea langoni, kofia mkononi, amekwisha kupigiwa simu na ameona haya. "Yuko kule na kondoo," alisema, akionyesha mteremko mpole. "Tangu alipofika hajaniruhusu niwakaribie vizuri. Kondoo wangu mwenyewe."

Mzee alicheka kidogo, cheko kavu kama kikohozi. Aliingiza vidole viwili mdomoni kupiga mluzi. Kisha akavitoa.

"Hapana. Yuko kazini. Atakuja akiwaingiza zizini."

"Baba, mwite tu! Tumetoka mbali."

"Akiacha kondoo kwa mluzi, huyo si Mondego niliyemfundisha." Alipapasa ukuta wa mawe, akaupata, akaketi. Graciete alisimama hatua chache pembeni, hajui kama anaruhusiwa kukaribia. Mzee akapiga jiwe lililo kando yake kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayemwita mtoto. Graciete akaja akaketi.

Odília alirudi kuegemea gari. Kule mteremkoni kondoo walianza kujikusanya, na nyuma yao doa la kahawia lilikwenda kushoto, likarudi kulia, bila haraka. Alimsikia Celestino akifungua lango la zizi. Alimwona mzee akigeuza uso kuelekea mlio wa kengele, akigeuza tena, akitafuta.

"Graciete," mzee alisema.

"Naam, baba."

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini.

"Siwaoni. Niambie yuko wapi."

"Yuko nyuma yao. Kuna kondoo mmoja anachechemea, anamsubiri huyo."

"Kondoo mweupe?"

"Mweusi. Mondego amelala chini kumpa nafasi. Sasa ameinuka. Wanapita kwenye mwaloni."

"Na sasa?"

"Wa kwanza wanaingia langoni, baba. Yeye amesimama pembeni, anawaangalia wanavyopita."

"Na sasa?" akauliza mzee, na mkono wake ukashuka juu ya mkono wa binti yake. "Endelea. Usiache hata kidogo."